DAT: mtihani wa meno usiouliza habari za meno

Mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari wa meno nchini Marekani una maswali 280, na mtu anaweza kuyajibu bila kujua binadamu ana magego mangapi. Unaitwa DAT, na tangu 1950 unasimamiwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA. Unapima sayansi ya darasani, ufahamu wa kusoma na hesabu. Unapima pia jambo ambalo shule zetu karibu hazilifundishi kabisa: uwezo wa kuligeuzageuza umbo kichwani bila kuligusa. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo wanapoteleza watu ambao kemia wameimaliza.

Kwanza tuelewane unamhusu nani. Afrika Mashariki hatuna mtihani wa aina hii. Anayeomba udaktari wa meno Muhimbili hupimwa kwa matokeo yake ya kidato cha sita katika fizikia, kemia na baolojia. Kenya, nafasi za Chuo Kikuu cha Nairobi hufuata alama za mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE. Marekani mambo ni mengine. Huko udaktari wa meno husomwa kwa kawaida miaka minne juu ya masomo ya chuo ambayo mtu amekwisha kuyapitia, na vyuo vingine hutoa shahada iitwayo DDS, vingine DMD, ambazo ni kitu kimoja kwa majina mawili. Kwa hiyo DAT ni wa kijana aliyekulia Houston au Columbus, au aliyekwenda huko kusoma baolojia na sasa yuko mwaka wa pili au wa tatu. Haufanyiki Dar es Salaam wala Nairobi.

Daktari wa meno aliyekwisha kuhitimu Muhimbili, Makerere au Nairobi hauhitaji. Njia yake ni mtihani wa bodi uitwao INBDE, ulioanza kutolewa 2020, pamoja na programu maalumu za vyuo kwa madaktari waliosomea nje ya Marekani. Nalisema hili kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wazima, wenye wagonjwa wao na leseni ukutani, ambao bado wanashauriwa kununua vitabu vya DAT.

Pepa lenyewe limegawanyika sehemu nne na mpangilio haubadiliki. Huanza sayansi: maswali 100 kwa dakika 90, arobaini ya baolojia, thelathini ya kemia ya jumla na thelathini ya kemia ogania. Fizikia haimo, jambo linalowashangaza waliosoma PCB, yaani fizikia, kemia na baolojia. Hufuata sehemu ya maumbo, PAT, maswali 90 kwa dakika 60. Kisha mapumziko ya nusu saa kwa anayeyataka, na yeyote ninayemshauri huwa namwambia ayatake. Baada ya hapo ni ufahamu, maswali 50 kwa dakika 60, na mwisho hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Ukigawanya dakika kwa maswali utaona tabia ya mtihani: kwenye sayansi una sekunde 54 kwa swali, kwenye maumbo una 40 tu. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu la kosa, hivyo swali lililoachwa wazi ni hasara tupu.

Sasa PAT. Wakati mtihani unaanza, waombaji walipewa chaki na kisu wakatakiwa kuchonga umbo kwa vipimo walivyoonyeshwa. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: daktari wa meno ni mtu wa mikono. Lakini kukusanya vipande vya chaki kutoka nchi nzima, kuvipima na kuvitolea alama kwa haki ni kazi ngumu, na mwaka 1972 uchongaji uliondolewa, ukawekwa mtihani wa maumbo ya kwenye karatasi. Wakanada waling'ang'ania zaidi. Kwao uchongaji wa kipande cha sabuni uliendelea kwa miongo mingine kabla nao hawajauacha.

Kilichobaki kinapima jicho, na jicho lina kazi kubwa kinywani kuliko watu wanavyodhani. Daktari anayeziba gego la juu mara nyingi halioni jino lenyewe. Anaona taswira yake katika kioo kidogo, nyuma iko mbele, na mkono unapaswa kwenda kinyume na kinachoonekana. Picha ya eksirei anayoisoma ni bapa, ilhali mzizi anaoutafuta umepinda kuelekea ndani. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoiita PAT michezo ya watoto.

Ndani yake mna aina sita za maswali, kila moja na maswali 15. Ya kwanza hukuonyesha kitu chenye umbo gumu na matundu matano, uchague tundu ambalo kitapita. Unaruhusiwa kukigeuza utakavyo kabla hakijaingia, lakini kikishaanza kuingia hakizungushwi tena, na tundu lina umbo lilelile la ukingo wa kitu. Ya pili hukupa sura mbili za kitu kimoja, tuseme ya juu na ya mbele, ukatafute ya ubavuni. Mistari ya nukta huonyesha kingo zilizojificha nyuma. Hapa anayehesabu mistari humshinda anayejaribu kukiona kitu kizima. Ya tatu ni pembe nne za kupangwa kuanzia ndogo, na mtego wake ni urefu wa mistari inayoziunda: mistari mirefu humfanya mtu aione pembe kuwa kubwa. Tazama pale mistari inapokutana, usahau ncha zake.

Ya nne ni karatasi ya mraba iliyokunjwa mara moja, mbili au tatu, ikatobolewa. Useme matundu yatakaa wapi ikishakunjuliwa. Wengi huanza na mkunjo wa kwanza na kupotea. Anza na wa mwisho, urudi nyuma: kila unapokunjua, tundu huzaa pacha wake upande wa pili wa mstari wa mkunjo, kwa umbali uleule, mradi palikuwa na karatasi chini yake. Na kuna kipimo cha kujikagua: tundu moja lililopigwa litatoa matundu mangapi? Mangapi kama tabaka za karatasi zilizokuwa mahali pale. Ukipata manne ilhali tabaka zilikuwa tatu, umekosea, na umelijua hilo kwa sekunde mbili.

Ya tano ndiyo ninayoipenda kwa sababu humlipa mwenye utaratibu. Unaonyeshwa rundo la vijisanduku vilivyogundishwa na kupakwa rangi kila upande isipokuwa chini, pale vinapokaa. Unaulizwa vingapi vimepakwa pande mbili, au tatu, au nne. Chukua vitatu vilivyopangwa mstari mmoja sakafuni, na cha nne juu ya kile cha katikati. Vya pembeni vina pande nne kila kimoja: juu, mbele, nyuma na ubavu wa nje. Cha katikati kimefunikwa juu na kubanwa mbavu zote, kimebaki na pande mbili. Cha juu kina tano. Andika hesabu hiyo mara moja, sanduku kwa sanduku, kwenye jedwali dogo la sifuri hadi tano, kisha jumlisha uone kama umefikia vinne. Maswali yote yanayofuata juu ya rundo hilo utayajibu kwa kuangalia jedwali tu. Asiyeandika huhesabu upya kila swali, na huko ndiko dakika zinakopotelea.

Ya sita ni mchoro bapa wa kukunjwa uwe umbo kamili. Anayeiweza huusoma kama mshonaji anavyosoma vipande vya gauni kabla hajagusa cherehani: kipi kitashikana na kipi, na pembetatu nyeusi iliyochorwa juu yake itakaa upande gani.

Haya hayakaririki. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya PAT na sehemu nyingine, na ndiyo sababu ratiba nyingi za kujiandaa ninazoonyeshwa zimepinda. Mtu hutenga wiki nane za mwanzo kwa baolojia na kemia, halafu maumbo anayaachia wiki mbili za mwisho, kama vile ni sura nyingine ya kitabu. Jicho hujifunza polepole. Dakika ishirini kila siku tangu siku ya kwanza zina faida kuliko Jumamosi nzima mwezi wa mwisho. Na usianzie kwenye skrini. Kunja karatasi halisi, itoboe kwa msumari, ikunjue. Panga vipande vya sukari mezani uvizunguke. Kichwa huiga kile ambacho mikono imekwisha kukifanya.

Kwenye sayansi nitapita upesi kidogo, kwani mwanafunzi aliyefika huko anajua kubukua. Baolojia inatisha kwa upana wake: seli, urithi, mimea, mifumo ya mwili, mageuko, ikolojia na tabia za wanyama, vyote katika maswali 40. Swali moja moja si zito, ila hujui litatokea wapi. Hapo kukesha juu ya mada moja uipendayo ni kujidanganya. Kemia ogania ni kinyume chake: uwanja mwembamba, miitikio ileile inayorudi, na anayeelewa elektroni zinaondoka wapi na kwenda wapi hana haja ya kukariri mamia ya kadi. Kemia ya jumla inataka hesabu za kichwa, maana kikokotoo cha kwenye skrini hufunguliwa kwenye sehemu ya hesabu peke yake. Jedwali la elementi unapewa. Kuna kitabu kinachovuma kiitwacho DAT Destroyer, maarufu kwa kuwa kigumu kuliko mtihani. Ni kizuri kwa anayemalizia. Anayeanza nacho hukata tamaa bila sababu.

Ufahamu una makala tatu za kisayansi, dakika ishirini kwa kila moja, kusoma na kujibu. Ushauri unaozunguka ni kutosoma makala: nenda kwenye swali, chukua neno gumu, litafute ndani ya maandishi. Kwa maswali yanayouliza tarehe au kiasi, unafaa. Kwa yale yanayouliza mwandishi anaelekea kusema nini, unakuacha mikono mitupu. Kwa waliolelewa kwa Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, tatizo mara nyingi ni kasi, wala si uelewa, na kasi hiyo huja kwa kusoma makala ndefu za sayansi kila siku, hata zisizohusu mtihani. Hesabu ni aljebra, uwezekano, takwimu, kulinganisha viwango viwili, na kuamua kama taarifa ulizopewa zinatosha kujibu. Ugumu wake ni kwamba inakuja mwisho, ukiwa umekwisha kuchoka.

Kwa sababu hiyo, katika mwezi wa mwisho fanya pepa zima kila wiki, kwa mpangilio wake halisi na kwa saa ileile ya asubuhi uliyopangiwa. Usitumie karatasi. Katika vituo vya Prometric, mtihani unapofanyikia, karatasi hairuhusiwi. Unapewa vibao vya plastiki na kalamu yenye ncha nyembamba. Nunua vinavyofanana navyo. Jedwali la vijisanduku linaloandikwa vizuri kwa penseli huweza kuwa fujo kwa kalamu usiyoizoea.

Kuhusu alama, angalia tarehe ya ushauri unaousoma. Kwa miaka mingi DAT ulitolewa alama kati ya 1 na 30, na maandishi mengi bado yanasema utafute 20 au 22. Tangu Machi 2025 kipimo ni 200 hadi 600, kwa hatua za kumi kumi, na ADA imetoa jedwali la kulinganisha vipimo hivyo viwili. Jambo jingine linalochanganya: wastani wa kitaaluma huchukua baolojia, kemia zote mbili, ufahamu na hesabu. PAT haimo ndani yake. Huandikwa peke yake. Wapo wanaolitumia hilo kama kisingizio cha kuipuuza, lakini kamati ya udahili inaiona alama hiyo ikiwa imesimama peke yake, haina pa kujificha.

Kabla ya kulipia, na ada ni zaidi ya dola 500, kagua jina lako. Jina ulilosajilia DENTPIN, yaani namba yako ya utambulisho, lazima lilingane na lililo kwenye kitambulisho utakachobeba. Familia zetu zina tabu hapa: pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva mawili, na jina la babu limegeuka kuwa la ukoo bila mtu kuombwa ruhusa. Tofauti kama hiyo inatosha kurudishwa mlangoni na ada ikapotea. Irekebishe wiki kadhaa mapema.

Tarehe nayo ina hesabu yake. Mfumo wa pamoja wa maombi, AADSAS, hufunguliwa Mei, na vyuo vingi hupitia maombi kadiri yanavyoingia. Asiyeridhika na alama zake anaweza kurudia, ila baada ya siku 60, na ripoti inayokwenda vyuoni huonyesha majaribio yaliyotangulia. Aliyefanya Mei akaharibu anarudi Julai akiwa bado yumo katika msimu. Aliyefanya Septemba akaharibu anafika Novemba, usaili ukiwa umeshika kasi kitambo. Huyo ningemwambia aache, asubiri msimu ujao, na miezi hiyo aombe kukaa kwenye kliniki ya jirani akimtazama daktari kazini. Vyuo vingi huuliza umekaa huko saa ngapi.