Kiongozi Aanze na Lipi?

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yemen, alimpangia kazi kwa daraja: kwanza awalinganie watu kwenye tauhidi, wakiitikia, awajulishe swala tano, kisha zaka. Hakumtaka ayaanze yote kwa pamoja.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, nakiri kuwa tuliisahau hekima hiyo. Vikao vitatu tulijadili rangi ya mazulia, ilhali mwalimu wa madrasa hajalipwa posho na watoto wanapungua darasani. Tulipotanguliza posho yake, watoto walirejea, na wazazi wao ndio waliochangia mazulia.

Ndugu msomaji, baba na mama nao ni wachunga nyumbani. Kila asubuhi jiulize: ni lipi likitengemaa, mengine yatafuata?