Popo Asiyeonekana: Jinsi ya Kuweka Taa kwenye Vazi la Halloween

Wanachuo wenzangu, muhula ule niliokwenda Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi nilikuwa Minneapolis, nikikaa kwa dada yangu. Oktoba ilipofika, mpwa wangu wa miaka saba alirudi dukani na vazi la popo. Jeusi tii! Mabawa meusi, kofia nyeusi, hata soksi. Mtoto anaruka sebuleni kwa furaha, dada ananiangalia mimi. "Mjomba, si wewe unasomea umeme? Haya, huyu dereva atamwonaje?"

Hakuwa anatania. Jioni ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto huvaa kama mizimu na wachawi, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Minneapolis siku hiyo jua huzama kama saa 12 jioni, na muda huohuo ndio watoto wanamiminika barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la JAMA Pediatrics ulipitia takwimu za miaka 42 za Marekani. Ulikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni hiyo ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baadaye. Kwa hiyo taa kwenye vazi si urembo tu.

Njia rahisi ni zile taa ndogondogo za LED zilizopangwa kwenye waya mwembamba, zenye kiboksi cha betri mbili za AA. Hizo ni volti 3 tu, haziwezi kumpiga mtoto shoti, na LED zenyewe hazipati joto la kuchoma nguo. Mshumaa usiusogeze kabisa karibu na vazi.

Ukiwa mtundu, unga LED mwenyewe. Mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Usisahau rezista. Betri tatu zinatoa volti 4.5, LED nyekundu inatumia kama volti 2, zinabaki 2.5. Gawa kwa mkondo wa ampea 0.02, unapata omu 125. Dukani chukua ya 150. Ukiiruka hesabu hii, LED inaweza kuungua hata hujatoka mlangoni. Kila kiungo kizungushie tepu ya umeme, maana nyaya zilizo wazi zikigusana, betri ndizo zitakazopata moto.

Betri bapa kama sarafu mimi nilizikataa, ingawa ni nyepesi. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukizitumia, kifuniko kiwe cha kufungwa kwa skrubu.

Sasa niwaambie nilipokosea. Waya niliubandika kwa gundi, umenyooka kama rula toka bega hadi ncha ya bawa. Mpwa wangu akatandaza mabawa mara moja tu, paa! Ukakatika. Kitambaa kinavutika, waya hauvutiki. Nikaanza upya: nikaushona kwa uzi, mshono mmoja kila baada ya vidole vitatu, nikauacha ulegee kwenye kwapa na kiwiko. Kiboksi nikakishonea mfuko kwa ndani, kiunoni, ili swichi aifikie mwenyewe. Kumbe mfuko huo una faida nyingine: betri hudhoofika kwenye baridi, na joto la mwili linazisaidia.

Halafu tukazima taa za nyumba, nikamsimamisha mwisho wa korido. Mbele anang'aa kama harusi. "Geuka." Giza! Taa zote nilikuwa nimezimaliza kifuani, wakati gari linaweza kutokea nyuma. Nusu nikazihamishia mgongoni.

Nikajua nimemaliza. Jioni yenyewe baridi ikashuka, dada akaleta jaketi nene, akamvisha mtoto na kufunga zipu hadi kidevuni. Kazi ya siku tatu yote ikafunikwa. Tulibaki tunatazamana. Ikabidi tumvue, jaketi litangulie, popo aje juu yake, na mishono miwili ya ubavuni tuiachie ili apate kupumua. Kwa hiyo jaribio la mwisho lifanyike na kila kitu atakachovaa, baridi ikiwemo kwenye hesabu.

Tulipotoka nilivuka barabara makusudi nimwangalie kutoka upande wa pili. Gari moja lilipunguza mwendo likiwa bado mbali, likasimama hadi yeye na mama yake wakavuka.

Mkirudi nyumbani toeni betri kabla ya kutundika vazi, zisije zikavujia humo. Mpwa wangu anasema mwakani atakuwa simba. Nimemwambia dada aanze na kipimo cha jaketi.