Sauti ya Nyanya Haiandikiki

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu ya mkononi imenilazimu kuitafakari upya methali hiyo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye alihamia Marekani zamani. Mamaye angali Dunga, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, nje kidogo ya Kisumu. Enzi za barua, mama huyo asiyejua kusoma alihitaji mtu wa kumwandikia, naye mwandishi aliyageuza maneno yake ya Kijaluo kuwa Kiswahili cha darasani. Salamu zilifika, sauti haikufika.

Leo hutumia ujumbe wa sauti, huduma ambayo WhatsApp iliianzisha mwaka 2013. Wajukuu humsikia akitaja omena na ngege, kisha hujaribu kumwigiza. Wanangu nao huwasahihisha, na urafiki wetu umepata warithi.

Kwa mwanaisimu, jambo hili si dogo. Kijaluo ni lugha ya toni, na toni haionyeshwi katika maandishi ya kawaida. Mtoto huipata kwa sikio tu. Asipoisikia, lugha hukatika. Katika kisiwa cha Rusinga, Kisuba kilikipisha Kijaluo wazazi walipoacha kukizungumza na watoto wao.

Hata hivyo, chombo hakisemi chenyewe. Mwalimu, mwanafunzi, mpigie nyanya simu jioni hii, nawe umjibu kwa lugha yake. Tukinyamaza, fimbo hiyo ndefu itabaki imeegemezwa ukutani, na nyoka apite.