Shilingi ya simba: ipi fedha, ipi jina tu

Kijana aliingia dukani kwa sonara, Mji wa Kale, Mombasa, na shilingi mbili za mkoloni kiganjani. Zote zilikuwa na simba, milima nyuma yake. Moja ilimeremeta utadhani imetoka kiwandani jana. Nyingine ilikuwa imefubaa, na pale manyoya ya simba yalipolika palikuwa na rangi kama ya chai ya maziwa. Kijana alitaka bei ya ile inayomeremeta. Hiyo nyingine alikuwa tayari kuitoa iwe nyongeza.

Sonara alivaa miwani, akazigeuza kutafuta mwaka, akamrudishia ile nzuri. “Hii mpe mtoto achezee, mwanangu. Yenye fedha ni hii mbovu.”

Ile nzuri ilikuwa ya 1952, mbovu ya 1924. Shilingi za Afrika Mashariki zilizotolewa kati ya 1921 na 1946 zilikuwa na fedha robo, iliyobaki zaidi shaba. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, fedha hamna hata chembe. Nikeli ni ngumu, haififii upesi, ndiyo maana inawahadaa watu. Fedha ya robo, kwa upande wake, hung'arishwa juu kiwandani, na ule weupe ukishalika mifukoni, shaba ya ndani huanza kuchungulia. Basi kwa shilingi ya simba, uchakavu wenye unjano ni dalili njema.

Mwaka ukiwa umefutika, soma maandishi yanayomzunguka mfalme. George wa Sita yuko kwenye sarafu za aina zote mbili, kwa hiyo sura yake haisaidii. Lakini zile za zamani zinamtaja pia kuwa mtawala wa India, kwa kifupisho IND IMP. India ilipata uhuru 1947, na cheo hicho kikaondoka. Fedha ilikuwa imeondoka pamoja nacho.

Watu hukimbilia sumaku. Sumaku haivuti fedha, sawa, lakini haivuti hata ile shaba iliyochanganywa na nikeli. Itakukamatia chuma kilichopakwa rangi, basi. Mizani ya jikoni nayo haifui dafu hapa, maana shilingi ya fedha ina gramu 7.8 hivi na ya nikeli inaikaribia mno.

Wenye ndugu Marekani huuliza kuhusu robo dola, na hapo kazi ni nyepesi. Hadi 1964 ilikuwa fedha asilimia 90, uzito gramu 6.25. Iliyofuata ina tumbo la shaba lililofunikwa pande mbili kwa shaba-nikeli, gramu 5.67. Isimamishe utazame ukingo: ukiona mstari wa kahawia umepita katikati kama nyama ndani ya mkate, si fedha. Ujanja huo usiuhamishie kwenye shilingi yetu. Yetu haina matabaka, imechanganywa yote kama unga, na ukingo wake hausemi kitu.

Halafu kuna reale, ile ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyotembea pwani hii na Uarabuni kabla ya rupia kuitawala. Hapa ndipo mwaka unapokuwa mwongo. Reale zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia, hata zile zilizopigwa karne ya ishirini, kwa kuwa wafanyabiashara walizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Ipime: iwe gramu 28 na nukta kidogo, upana kama sentimita nne. Ukingoni yawepo maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Ukingo mtupu, au gramu 24, mrudishie mwenyewe.

Reale moja ina gramu 23.4 za fedha halisi. Shilingi ya 1924 haifiki hata gramu mbili, hivyo unahitaji kumi na mbili kuifikia reale. Ajabu ni kwamba wazee waliendelea kuiita nusu shilingi thumuni, yaani sehemu ya nane, na kilichogawanywa kwa nane ni reale. Kwa hesabu hiyo reale ni shilingi nne. Jina lilibaki na bei ya zamani, fedha ilishakwenda zake. Nasi tumeendelea kusema “fedha” tukimaanisha hata noti za karatasi.

Nina ombi moja kwa wenye sarafu majumbani: msizisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Mkusanyaji hulipia ngozi ya asili, na shilingi iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo isiyofichika. Tupa za kukwangulia ili kuona ndani pia zimeharibu nyingi.

Kijana alipewa bei ya shilingi moja. Alihesabu noti zake, akaiweka ile ya 1952 mfuko wa shati, akauliza kama kweli haina chochote.

“Ina simba,” sonara akamjibu, akarudi kwenye bangili yake.