Fahamu: Dawa kwenye sukuma wiki

Sukuma wiki ikinyunyiziwa dawa ya wadudu leo Migori na kuuzwa kesho, mlaji hula dawa. Kibandiko cha dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ila kwa maandishi madogo mno. Dawa hiyo huua pia nyigu na buibui wanaokula vidukari, ndiyo maana wadudu hurudi kwa kishindo.

Ipo njia isiyotegemea dawa. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita, Homa Bay, kilijulikana kwa mbinu ya sukuma-vuta: mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi hufukuza nondo na kudhibiti gugu la kayongo (Striga), nayo matete ya pembeni huwavuta nondo wakatage huko. Siku hizi mboga nazo huchanganywa humo. Si muujiza: msimu wa kwanza desmodiamu hukawia, na palizi ni ya mkono.