Kuzimika kwa injini baridi

Kuzimika kwa injini baridi ni hitilafu ambayo injini ya gari huwaka asubuhi, kisha huzimika baada ya sekunde chache, na hujirudia mpaka injini ipate joto. Ni tofauti na injini isiyowaka kabisa, ambayo mara nyingi ina betri dhaifu au stata mbovu.

Nchini Tanzania hitilafu hii hujitokeza zaidi katika Nyanda za Juu Kusini, hasa kati ya Juni na Agosti. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari linalowaka vizuri Dar es Salaam linaweza kuanza kuzimika likilala Makambako au Njombe, njiani kuelekea Ludewa na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe. Huenda ubovu ulikuwepo tangu awali, ila joto la pwani liliuficha.

Sababu

Injini ya petroli yenye joto hutumia takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Ikiwa baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke bali huganda kama matone kwenye kuta za njia ya hewa. Kwa hiyo injini huhitaji petroli zaidi. Isipoipata, huzimika. Visababishi vya kawaida ni:

- Choki isiyofunga, kwa magari yenye kabureta.
- Sensa ya joto la maji inayoonyesha kuwa injini ina joto wakati ni baridi. Kompyuta ya gari hupunguza petroli.
- Masizi kwenye vali ya hewa inayoendesha injini bila mguu kukanyaga mafuta.
- Mpira wa hewa uliopasuka, unaoingiza hewa ya ziada.
- Kwa dizeli, plagi za kupasha joto zilizoungua, au hewa inayopenya kwenye bomba la mafuta. Usiku mafuta hurudi tangini. Asubuhi injini huwaka kwa yale yaliyobaki kwenye pampu, kisha huzimika.

Uchunguzi

Gari lichunguzwe likiwa baridi, ikiwezekana baada ya kulala kwa fundi; likishapata joto, dalili hutoweka. Kabla ya kuwasha, kipimo cha sensa ya maji hulinganishwa na joto la hewa ya nje: vinapaswa kukaribiana. Injini ikidumu kwa kukanyagwa mafuta kidogo, vali ya hewa huangaliwa kwanza. Mipira na vibano vyake huangaliwa kabla ya kununua nozeli au pampu, ambazo ni ghali.

Tahadhari

Injini isipashwe joto ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Aidha, injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani na breki huwa vizito, jambo la hatari kwenye miteremko.