Ardhi Ikitikisika, Ngazi Si Kimbilio

Wengi wetu hapa Kakamega hudhani matetemeko ya ardhi ni shida ya wakazi wa Bonde la Ufa peke yao. Ni kweli kwamba lile kubwa la Januari 6, 1928 lilipasua ardhi huko Subukia. Lakini tawi la bonde hilo hupita Kisumu, si mbali nasi. Na Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba na kuua watu Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

Mitambo ya kupimia mitikisiko tunayo. Mmojawapo uliwekwa Kilima Mbogo, karibu na Thika. Ili kujua kitovu, wataalamu hulinganisha nyakati ambazo mawimbi yalifika katika vituo visivyopungua vitatu (zoezi zuri la jiografia, walimu wenzangu). Hata hivyo, mitambo hiyo husimulia yaliyokwisha kutokea. Hakuna awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko lijalo.

Basi ardhi ikitikisika saa nne asubuhi, mwanafunzi aliye ghorofani atafanya nini? Nachelea kwamba atakimbilia ngazi. Februari 3, 2020, watoto zaidi ya 10 walikufa katika msongamano kwenye ngazi za shule ya msingi mjini humu, bila ardhi kutikisika hata kidogo. Afundishwe kuingia chini ya dawati, ashikilie mguu wake, angoje mtikisiko upite, ndipo atoke kwa utaratibu. Dakika 10 baada ya gwaride la Ijumaa zatosha kuanzia.